Ni Maswali Tu, Shangazi

Binti ya kaka yangu akija kwangu Jumamosi, aghalabu huwa ni kwa sababu moja: pesa zimemwishia. Yuko mwaka wa pili katika chuo kimoja hapa jijini, na safari ya kutoka bweni hadi kwangu Umoja si ndefu kwa mtu mwenye njaa. Siku hiyo alikula, akaongeza, kisha akasimama akaosha vyombo vyote bila kuambiwa. Hapo nikajua ana neno.

"Shangazi," akaanza huku akijipangusa mikono kwa leso, "wewe si ulisomea mambo ya kamera? Hebu nisomee hii."

Akanipa simu yake. Ulikuwa mkataba wa kurasa tatu. Kampuni fulani ilikuwa ikitafuta "wasichana wa kawaida" wa umri wa kati ya miaka 18 na 23, wasio na uzoefu wowote wa kuigiza, washiriki katika kipindi cha uhalisia kuhusu maisha ya wanafunzi wa Nairobi. Kazi ya siku moja, malipo Sh40,000, pesa taslimu. Picha zingepigwa katika nyumba ya kukodishwa kwa siku huko Kilimani. Kituo cha runinga kitakachoonyesha kipindi hicho hakikutajwa. Kifungu kimoja kilisema kampuni ingekuwa na haki ya kutumia sura, sauti na maneno ya mshiriki kwa namna yoyote, mahali popote, daima dawamu. Na karibu na mahali pa kutia sahihi paliandikwa, kwa herufi ndogo kama mayai ya chawa, kwamba huenda baadhi ya sehemu zikawa na "maudhui ya watu wazima" kwa hiari ya mshiriki.

"Hayo ya mwisho si lazima," akadakia kabla sijafungua kinywa. "Ni rialiti tu, Shangazi. Wanataka mtu awe vile alivyo."

Nilimrudishia simu, nikamwambia tuongee kesho yake tukitoka kanisani. Sikutaka kumjibu kwa hasira. Isitoshe, kwa muda wa wiki mbili nilikuwa nikisoma habari za kesi moja ya Marekani kwa ajili ya makala, na maneno ya mkataba ule niliyaona kana kwamba nimewahi kuyasoma.

Kabla sijaendelea, niwatake radhi wazazi wanaosoma ukurasa huu pamoja na watoto. Ashakum si matusi. Nitakayoyataja hapa yanahusu biashara ya filamu za ngono, na nitayataja kwa stara kadiri niwezavyo. Kuyanyamazia siwezi, kwa kuwa biashara hiyo haingoji tena mwanamume ajipenyeze dukani kwa kificho na kofia imemfunika uso. Inamfuata mtoto bwenini, na siku hizi humjia ikiwa imevaa nguo za runinga ya kawaida.

Sisi tuliolelewa na runinga ya hapa nyumbani tulijua kwamba mchezo ni mchezo. Tukitazama Vitimbi, tulijua Ojwang na Mama Kayai hawakuwa mume na mke. Kipindi kikiisha kila mmoja alikwenda zake nyumbani kwake, nasi tukabaki na kicheko. Ugomvi wao haukuwa ugomvi, na aibu yao haikuwa aibu ya mtu.

Kisha ukaja mwaka wa 2003. Nilikuwa darasa la nane. Katika ploti yetu nzima ni jirani mmoja tu aliyekuwa na dishi, na mwezi wa Mei alianza kutazama Big Brother Africa: vijana 12 kutoka nchi 12 za Afrika, mmoja wao Mkenya, wamefungiwa katika nyumba moja nchini Afrika Kusini huku kamera zikiwamulika usiku na mchana kwa siku 106. Mshindi, Cherise Makubale wa Zambia, alituzwa dola 100,000. Mama alitukataza kwenda kutazama. Tulienda. Ninachokikumbuka hasa si ugomvi wao wala mapenzi yao, bali ile saa ya kuoga, kwani hata bafuni kulikuwa na kamera. Watu wazima tuliowaheshimu, wa kanisani na wa chama cha mazishi, walikuwa wakinyamaza ji ilipofika saa hiyo, naye mwenye nyumba akijifanya anatafuta rimoti. Kule Malawi bunge lilitaka runinga ya taifa ikome kukionyesha kipindi hicho. Pale kwetu hakuna aliyekataza isipokuwa Mama, na naye alikuwa akija kutuita huku akichungulia.

Marehemu Baba alikuja kututafuta jioni moja. Akasimama mlangoni, akatazama kama dakika tano hivi. "Hawa wanaigiza nini?" akauliza.

"Hawaigizi, Baba. Wako tu vile walivyo."

"Basi wanalipwa kwa kazi gani?"

Tulimcheka kimoyomoyo. Ilinichukua miaka mingi kuona kwamba yeye peke yake ndiye aliyeuliza swali la maana chumbani mle.

Vipindi hivi havikuzuka jana. Mwaka wa 1973 runinga ya umma ya Marekani ilionyesha An American Family, maisha ya familia moja ya California iliyokubali kufuatwa na kamera nyumbani kwake kwa miezi. Taifa zima likamshuhudia mama wa familia hiyo akimwambia mumewe aondoke nyumbani. Ilikuwa maajabu, lakini maajabu ya mara moja. Kilichoyafanya kuwa biashara ni gharama. Mwaka wa 1988 waandishi wa filamu na vipindi wa Marekani waligoma kwa miezi mitano, vituo vikabaki vikihaha kutafuta cha kuonyesha. Mwaka uliofuata kikaja kipindi cha COPS, ambapo kamera iliwafuata polisi wakiwakamata watu. Hakikuhitaji mwandishi wa hadithi wala mwigizaji wa kulipwa mamilioni. Mwaka wa 1992 kikafuata The Real World, cha vijana saba waliowekwa katika nyumba moja New York, na mwaka wa 1999 Big Brother ikazaliwa Uholanzi. Vipindi hivi ndivyo vilivyoizoesha dunia kitu kimoja ambacho leo hatukioni hata kuwa ni mtindo: mtu kuketi peke yake kitini, mbele ya kamera, akaulizwa maswali na kuyamwaga ya moyoni.

Sasa, upande wa pili wa mambo ulikuwa ukienda sambamba. Nilipokuwa chuoni nikisomea stashahada ya uanahabari, mwalimu wetu mmoja alitufundisha neno gonzo. Ni uandishi uliovumishwa na Mmarekani Hunter S. Thompson kuanzia mwaka wa 1970, ambapo mwandishi hajifichi. Anaingia ndani ya habari, anakunywa na watu wake, anagombana nao, na ghasia hiyo yote ndiyo inakuwa habari. Nililipenda neno hilo. Niliandika insha nzima nikijidai kuwa gonzo kwenye matatu za barabara ya Jogoo, nikapata alama za juu. Nilipolitafuta tena neno lilo hilo maktabani ili niandike insha ya pili, nikakuta limehama nyumba. Watengenezaji wa filamu za ngono wa California walikuwa wameshalichukua.

Zamani, filamu hizo zilikuwa filamu hasa. Zilipigwa kwa ukanda wa sinema, zilikuwa na kisa cha uongo na waigizaji wenye majina, na watu walilipa kiingilio kuzitazama. Kamera za video za mkononi zilipoingia madukani katika miaka ya 1980, kila mtu akawa mpigapicha. Mwaka wa 1989 mtengenezaji aliyeitwa John Stagliano alianza kutoa filamu ambazo yeye mwenyewe aliishika kamera begani huku akiongea na wahusika. Picha ilitikisika, kisa hakikuwepo, na sauti ya mwenye kamera ilisikika ikiuliza na kutania. Mtazamaji akajiona yumo chumbani. Hiyo ndiyo ikaitwa gonzo. Tazama mwaka: ndio uleule wa COPS. Sidai kwamba mmoja alimwiga mwenzake. Wote wawili waligundua kwa wakati mmoja kwamba kamera ndogo na mtu asiye na jina ni bei nafuu, tena watu wanavipenda kuliko filamu iliyotiwa nakshi.

Runinga ya uhalisia ilipovuma duniani kote mwanzoni mwa miaka ya 2000, biashara hiyo ikajichotea kutoka kwake bila haya. Ikachukua mahojiano ya kwenye sofa. Ikachukua usaili wa kazi, yule "mgeni" anayeokotwa njiani, na neno "mara ya kwanza". Tovuti moja ya Miami ilipata umaarufu kwa video za gari linalozunguka mjini likipakia wanawake eti wapita njia. Eti, kwa kuwa mengi ya mambo hayo yalikuwa mchezo mtupu: wale wapita njia walikuwa waigizaji waliokwisha kutia sahihi makaratasi yao na kukubaliana malipo. Mtazamaji ndiye aliyedanganywa, na sijui kama nimwonee huruma. Kwa waigizaji kulikuwa na hasara ya namna nyingine. Mwenye jina anaweza kudai nyongeza na masharti, lakini "msichana wa kawaida" anabadilishwa kila wiki, na akibaki sana anaacha kuwa wa kawaida.

Hatari ilikuja pale uongo ulipogeuzwa, akawa anadanganywa aliye mbele ya kamera, na mtazamaji ndiye anayeuziwa kitu cha kweli. Kuanzia mwaka wa 1997 Joe Francis alijitajirisha kwa kanda za Girls Gone Wild, zilizopigwa miongoni mwa wanafunzi wa vyuo waliokuwa likizoni, vichwa vimejaa pombe, wakishawishiwa kujifunua mbele ya kamera. Mwaka wa 2006 kampuni yake ilikiri mahakamani kwamba haikuweka rekodi za umri kama sheria ilivyotaka, na kulikuwa na wasichana wa chini ya miaka 18 ndani ya kanda hizo.

Lakini kesi niliyokuwa nikiisoma wiki ile ni ya San Diego, California. Tovuti iliitwa GirlsDoPorn. Sifa yake kubwa kwa wateja ilikuwa kwamba wasichana wake hawakuwa waigizaji. Walikuwa wanafunzi wa vyuo, wahudumu wa hoteli, watu wa mtaa wa pili. Walipatikana kwa matangazo ya kazi za kawaida za kupigwa picha wakiwa na nguo. Walipofahamu kazi yenyewe na kusita, waliambiwa video hazingewekwa kamwe mtandaoni, zingeuzwa kwa diski tu katika nchi za mbali kama Australia na New Zealand. Wakizidi kusita walipigiwa simu na msichana mwingine, mwenye sauti ya udada, aliyewaambia kwamba yeye alifanya na hakuna aliyewahi kujua. Msichana huyo alilipwa kusema hivyo. Makaratasi yaliletwa katika chumba cha hoteli, yakasainiwa haraka haraka.

Video ziliwekwa mtandaoni, na vipande vyake vikamwagwa kwenye tovuti zinazotazamwa bure. Majina halisi yakavuja. Wazazi, ndugu, walimu na waajiri walitumiwa. Wako walioacha masomo na wako waliobadilisha majina. Wanawake 22 walishtaki mwaka wa 2016, na Januari 2020 jaji wa San Diego akawapa ushindi na fidia ya karibu dola milioni 13, pamoja na haki ya kuzimiliki video zao wenyewe. Ruben Andre Garcia, aliyeonekana ndani ya video hizo na kuwashawishi wasichana, alifungwa miaka 20 mwaka wa 2021. Mwenye tovuti, Michael Pratt, alitoroka mwaka wa 2019, akaingizwa kwenye orodha ya watu kumi wanaosakwa zaidi na FBI, akanaswa Madrid Desemba 2022. Septemba 2025 alihukumiwa kifungo cha miaka 27.

Nilipokuwa nikisoma ushahidi wa wanawake wale, nilidhani nitakachokiona kizito ni kile kitendo. Kumbe hapana. Kilichonikaa ni yale mazungumzo ya mwanzo, msichana akiwa bado amevaa nguo zake, anacheka kwa woga, anaulizwa anasoma nini, anatoka wapi. Miili imejaa tele katika biashara hiyo wala haina bei. Kilichouzwa ghali pale ni kile kicheko cha woga. Nikamkumbuka Baba pale mlangoni. Walikuwa wakilipwa kwa kazi hiyo: ya kutojua.

Basi Jumapili, tukiwa tumeketi na chai, nikamsimulia binti yangu yote haya, kwa maneno ya wazi kuliko haya niliyoyaandika. Alisikiliza akizungusha kikombe. Nikatarajia aseme asante.

"Karo imebaki elfu thelathini na moja," akasema. "Mkopo haujaingia tangu muhula uanze. Baba hajui. Na wewe Shangazi, kwani hufanyi hivyo hivyo? Si huwa unawauliza watu maswali mpaka walie, halafu unaandika gazetini?"

Nilitaka kumkaripia, nikakosa pa kuanzia. Miaka michache iliyopita nilitumwa nyumbani kwa mama mmoja aliyepoteza mtoto katika mafuriko. Nilimuuliza jina la utani la marehemu, chakula alichokipenda, alilala upande gani wa kitanda. Nilijua swali la tatu lingemvunja, na mpigapicha wangu alijua, kwani aliinua kamera kabla sijalimaliza. Makala ile ilisifiwa. Sijawahi kurudi kwa mama yule. Nikamweleza binti huyu kisa hicho, naye akaniangalia kwa namna ambayo hajawahi kuniangalia.

Ndipo akasema la pili. "Lakini mimi tayari nilifanya ile ya kwanza."

"Ya kwanza ipi?"

"Mahojiano. Wiki jana. Hakuna kitu kibaya, nilikuwa na nguo zangu zote, hata sweta. Ni maswali tu, Shangazi."

Dakika 40, mbele ya kamera, kwenye sofa. Jina lake kamili. Chuo chake na somo analosomea. Kama ana mpenzi, na kama hakuna, kwa nini. Kitu gani hajawahi kumwambia mzazi wake. Jina la mama yake na kazi anayoifanya, na mama angefikiri nini akimwona hapo. Alikuwa amecheka sana, akasema. Yule kijana aliyemuuliza ni mcheshi.

Jumatatu nikaomba ruhusa kazini, tukaenda pamoja. Tulipanda hadi orofa ya nne. Nilitarajia kukuta jitu la kutisha, nikakuta kijana safi wa umri wa miaka kama 26, anayetuita "Madam" na kutukaribisha maji ya chupa. Sofa ilikuwa pale, ya kijivu, na taa ya duara juu ya kijiti chake. Ukutani hapakuwa na kitu. Nikamwambia binti huyu hataki tena kazi hiyo, na kwamba tunataka mahojiano yale yafutwe mbele yetu. Hakubisha. Akafungua tarakilishi yake, akalitafuta faili, akalifuta, akatuonyesha na kapu la takataka likiwa tupu.

"Na nakala nyingine?" nikauliza. "Kwenye kamera? Kwa mkubwa wako?"

"Madam, sisi hatuna haja nayo."

Nikamuuliza mara ya pili, sauti ikipanda. Nikamtajia sheria ya makosa ya mitandao ya 2018, inayomtoza asambazaye picha za siri za mtu faini isiyozidi Sh200,000 au kifungo kisichozidi miaka miwili, ingawa nilijua fika kwamba msichana aliyevaa sweta akitaja jina la mamake si picha ya siri mbele ya sheria yoyote. Nafikiri naye alijua. Alinisikiliza kwa adabu mpaka nikamaliza. Kisha akatabasamu, na nadhani kwa dhati kabisa alikuwa akinisifu.

"Vile umeingia na hasira, Madam, na huyu amenyamaza hapo kando. Hiyo ndiyo watu wanapenda. Kama mngekubali, hata hii tungerekodi."

Katika matatu hatukuongea hadi tulipopita Makadara. Hapo akaniambia polepole, akitazama dirishani, kwamba sehemu inayomsumbua si ile ya mpenzi. Ni pale alipoulizwa kuhusu mama yake. Alikuwa amemwiga anavyoongea, na yule kijana akacheka hadi machozi.

Karo tuliilipa kwa kuchanga, mimi na dada yangu, na kaka yangu hajaambiwa chanzo. Ninaandika haya kwa ruhusa ya binti mwenyewe, baada ya yeye kuisoma makala yote na kufuta mistari miwili. Sikumuuliza kwa nini ile miwili. Kampuni ile niliiandikia barua, nikinukuu Sheria ya Kulinda Data ya 2019 na kudai waniandikie rasmi kwamba hakuna nakala iliyobaki. Sijajibiwa. Nilipopita tena pale, orofa ya nne ilikuwa na mpangaji mwingine, fundi wa kucha.

Siku hizi kila Ijumaa usiku, watoto wakishalala, mimi huketi mezani na kuliandika jina lake mtandaoni, kisha jina la chuo chake, kisha jina la mamake. Huyajaribu hivi na vile kwa muda wa nusu saa. Ijumaa iliyopita hapakuwa na kitu.